SOMO: Kwenda Pangani kutoka Mombasa, na kwa nini uangalie mwezi kabla ya kuangalia wikendi

Assalamu alaykum na habari zenu wanajamvi. Kila likizo ikikaribia naletewa maswali yale yale: Pangani naendaje, kisiwa cha mchanga cha Maziwe kinaonekana siku gani, kuna nini cha kutazama. Nayaandika yote hapa mara moja. Atakayeniuliza tena faragha nitamrudisha kwenye uzi huu.

Kwa asiyeujua, Pangani ni mji mdogo wa Tanzania, kusini ya Tanga, uliokaa pale Mto Pangani unapoingia baharini. Maji ya mto huo yanatoka mbali, kwenye milima ya Kilimanjaro na Meru. Upande mmoja uko mji wenyewe na majumba yake ya mawe, upande wa pili ni Bweni na minazi yake. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na kizazi hadi kizazi wanajua mji wao uliwakatalia vipi Wajerumani.

HATUA YA 1: Chagua siku kwa mwezi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hivyo someni taratibu.

Maziwe ni fungu la mchanga lililo mbele ya kijiji cha Ushongo, kusini ya mto. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na bahari ikala kisiwa. Leo maji yakijaa sana fungu lote huzama. Yakipwa linaibuka jeupe, na matumbawe yamelizunguka. Ukifika saa isiyo yake hukuti kitu. Nimewahi kwenda na kundi lililokodi mashua alasiri ya mwezi mpevu kwa sababu ndipo kila mtu alipopata nafasi. Tulifika karibu saa kumi. Pale palipostahili kuwa na mchanga palikuwa na povu tu. Nahodha akazunguka mara mbili, akatuangalia, akageuza tanga. Pesa hazikurudi.

Sasa hesabu yenyewe. Bamvua, yaani siku maji yanapopwa sana na kujaa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa karibu na saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo siku za bamvua ondoka ufuoni mapema asubuhi, ukae fungulani maji yakiwa yamepwa, na uwe umeondoka kabla hayajapanda. Usimngoje mwenzako aliyelala. Karibu na mwezi saba na mwezi ishirini na mbili (nahesabu siku tangu mwezi kuandama) maji ni mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi unayoitaka wewe ndiyo saa yake ya kujaa.

Baina ya bamvua mbili, mimi nachagua ya mwezi mwandamo, tuseme kutoka mwezi ishirini na tisa hadi mwezi tatu. Sababu ni dagaa. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukiwaka dagaa hawajikusanyi kwenye taa, na mashua nyingi hupumzika. Ukienda siku za giza, alfajiri unawakuta wakishusha ndoo, kina mama wanachemsha dagaa kwa maji ya chumvi na kuwaanika, na saa mbili baadaye uko njiani kwenda Maziwe. Asubuhi moja, vyote viwili.

Angalia na upepo pia. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ni nzito na nahodha mwenye akili atakataa kutoka. Akikataa, mshukuru, usimtafute mwengine wa bei rahisi. Mimi napenda kaskazi, Disemba hadi Februari. Masika kaa nyumbani.

HATUA YA 2: Karatasi

Pasipoti. Ukiwa huna, ulizia hati ya muda kwa watu wa uhamiaji mapema, si siku ya safari. Pia kadi ya homa ya manjano, na sindano uwe umeidunga si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka. Kadi ya kununua bila sindano ni haramu, na ni hatari kwako mwenyewe.

HATUA YA 3: Vuka kivuko cha Likoni alfajiri. Foleni ya asubuhi mnaijua.

HATUA YA 4: Lunga Lunga na Horohoro

Huu ndio mpaka wa Kenya na Tanzania. Kituo ni cha pamoja, muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa mahali pamoja. Badilisha pesa kwenye duka la fedha na uzihesabu hapo hapo dirishani. Mwenye gari lake abebe kitabu cha gari, bima ya COMESA ya kuvukia mipaka na kibali cha kuingiza gari kwa muda. Ukishaingia upande wa pili, vijijini ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki wapo. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kote kuwili imepigwa marufuku.

HATUA YA 5: Teremka Tanga, kula, badilisha gari. Kutoka hapo hadi Pangani ni kilomita 50 hivi.

HATUA YA 6: Mji

Anzia ofisi ya utalii wa kiutamaduni, ujiandikishe, upewe mtembezaji wa hapo hapo. Usipite peke yako ukipiga picha. Boma la zamani linatumika na serikali, na picha zinataka ruhusa.

Mwambie mtembezaji akusimulie mwaka 1888. Aprili mwaka huo Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki pwani hii. Agosti, mtu wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, akaja Pangani kupandisha bendera ya kampuni. Wapangani wakakataa, wakamzuia ndani ya nyumba hadi Sultani alipotuma watu wamtoe. Vita vikaenea pwani nzima, na aliyesimama mbele ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka 1889 Wajerumani wakarudi na kamanda wao Wissmann na mizinga. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Ukiyajua hayo, milango na kuta zile utaziangalia kwa jicho jengine.

HATUA YA 7: Mto

Jioni, jua likipoa, panda mtumbwi au mashua uelekee juu. Mikoko, kisha minazi, na ndege midiria wanaopiga mbizi karibu na kasia. Usiogelee. Mto una mamba.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Mkuu nataka kwenda wikendi hii, Maziwe itakuwepo?

Bin Mtongwe: Hatua ya 1. Angalia leo mwezi ngapi, kisha hesabu.

Kijana wa Kisauni: Si uniambie tu?

Bin Mtongwe: Hesabu ni ya dakika moja. Ukinitegemea mimi, safari ijayo utakwama vile vile.

Mpenda Raha: Jumla inatoka shilingi ngapi?

Bin Mtongwe: Nauli, mashua na ada ya hifadhi ya Maziwe hubadilika, nikikutajia leo kesho utaniita mwongo. Ada ya hifadhi dai stakabadhi. Mashua patana nchi kavu, kabla hujapanda.

Abuu wa Majengo: Mbona unatisha watu? Mimi nilivuka bila kadi ya manjano na sikuulizwa chochote.

Bin Mtongwe: Wewe hukuulizwa. Mimi nimeona mama na watoto wawili wakitolewa kwenye foleni kwa kadi hiyo hiyo, na basi lao likaondoka. Naandikia watu wote, na wale wenye watoto wamo. Siifuti hatua hiyo.

Ummu Layla: Shukran kakangu. Nimesikia kasa walikuwa wakitaga Maziwe. Sasa kisiwa kinazama, mayai inakuwaje?

Bin Mtongwe: Swali zuri, dadangu. Kasa bado wanapanda kutaga kwa sababu hurudi maeneo ya kwao. Mayai yakiachwa yatafunikwa na maji na kufa. Kwa hivyo watu wa Ushongo huyachimbua mapema na kuyahamishia pwani kavu. Yanashikwa kwa uangalifu sana: yai halipinduliwi, upande uliokuwa juu unabaki juu, kwa sababu kitoto kinachoanza kuumbika hujishikiza pale. Baada ya miezi miwili hivi wanaanguliwa. Ukibahatika kuwepo, simama nyuma ya mstari unaoonyeshwa, zima tochi na simu, na usimbebe hata mmoja. Waache watambae wenyewe hadi majini. Uliza Ushongo siku ya kwanza tu unapofika, wao ndio wenye tarehe za kila shimo.

Ummu Layla: Allah akuzidishie. Na mamangu ana miaka sabini, mashua hawezi. Afanye nini wakati sisi tuko Maziwe?

Bin Mtongwe: Asiende Maziwe, kupanda na kushuka ni majini. Apande kivuko cha Bweni, hapo hahitaji kuruka. Na njiani kutoka Tanga simameni Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ya zamani kuliko Ngome ya Yesu. Miba iko, avae viatu vya kufunika.

Nahodha Mstaafu: Ongeza hili kwa wapenzi wa historia: hapo mbele ya Tongoni ndipo Vasco da Gama alipoichoma meli yake São Rafael, mwaka 1499, akirudi kutoka Bara Hindi. Mabaharia walikuwa wamekufa wengi, hakuwa na watu wa kuendesha meli zake zote.

Bin Mtongwe: Ahsante sana mzee wangu, naliongeza juu.

Mama Dagaa Kongowea: Hao dagaa wa kuchemsha nikitaka kubeba kidogo wa nyumbani, nawachaguaje?

Bin Mtongwe: Chukua kiganjani, uvunje mmoja. Akivunjika kwa mlio amekauka. Akipinda bado ana maji na ataoza kabla ya Likoni. Tazama vichwa: vikiwa vimedondoka vingi, wamechemshwa wakiwa si wabichi tena. Chini ya gunia tia mkono, ukitoka na mchanga waliwaanika chini, si kwenye chanja. Funga kwenye mfuko wa kitambaa, na pale Horohoro waonyeshe kabla hujaulizwa.