Kituo cha wagonjwa wa akili kinataka kufungwa? Haya ya kukagua kabla mtu hajapandishwa gari

Jamani ukisikia kituo wanakoishi wagonjwa wa akili kinafungwa, kitu cha kwanza kuuliza ni tarehe. Nani kaipanga, na siku anaipanga zile sehemu za kuwapeleka watu zilikuwa tayari zipo au bado zilikuwa za kwenye karatasi? Mi hili naliweka juu ya yote kwa sababu ya yaliyotokea Gauteng, Afrika Kusini, mwaka 2016, na pia nina mdogo wangu anaishi kituoni mwaka wa sita huu, kwahiyo hiyo habari kila nikiisoma naiona sura yake.

Kwa ambao hawaijui. Life Esidimeni, kampuni binafsi yenye vituo vyake, ilikuwa inatunza wagonjwa wa akili wa muda mrefu kwa mkataba na serikali ya jimbo la Gauteng, miaka na miaka, na hilo jina Esidimeni maana yake ni mahali pa heshima. Oktoba 2015 aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo, Qedani Mahlangu, akatangaza mkataba unavunjwa, mwisho 31 Machi 2016, baadae ikasogezwa mpaka 30 Juni. Wagonjwa zaidi ya 1,400 wakatolewa, wengi wakapelekwa kwenye vijumba vya mashirika yasiyo ya kiserikali, na 144 wakafa. Sio kwa ugonjwa wa akili. Ni njaa, kukosa maji, baridi, nimonia, degedege za kifafa, vitu ambavyo mtu akiwa na nesi na sahani ya chakula na blanketi hafi.

Sasa kuhusu tarehe. Sera yenyewe ya afya ya akili ya Afrika Kusini, ile ya 2013 mpaka 2020, ilishasema huduma za mtaani zijengwe kwanza ndo hospitali zipunguzwe. Gauteng wakageuza, wakaweka siku ya mwisho halafu wakaanza kukimbizana kutafuta pa kuwaweka watu, na kila siku ilivyozidi kukaribia ndo ukaguzi ukazidi kulegea. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwahiyo mkiitwa kwenye mkutano wa ndugu, msitoke bila jibu la maandishi kwamba kama nafasi hazijakamilika tarehe inasogea, na anaesema isogee ni nani kwa cheo chake.

Naomba nieleweke, sisemi vituo vikubwa visifungwe kamwe. Italia walipitisha sheria mwaka 1978 ya kuachana na hospitali za akili za zamani, na kule Trieste daktari Franco Basaglia na wenzake walikuwa wanafungua vituo vya mtaani huku hospitali bado ipo, watu wanahama taratibu kwenda mahali panapoonekana kwa macho. Kufunga kunawezekana. Ila kunataka muda na pesa, na mtu anaekwambia kutaharakishwa na kutakuwa rahisi huyo mwogope.

Pesa yenyewe muiulize kwa kichwa cha mtu mmoja kwa siku, msikubali jumla ya mabilioni. Gauteng walilalamika kwamba Life Esidimeni ni ghali, randi 320 kwa mgonjwa kwa siku, halafu yale mashirika yakapangiwa randi 112, na baadhi yakakaa miezi hayajalipwa hata hizo. Hapo huhitaji kuwa mhasibu, theluthi mbili ya hela imeondoka na mgonjwa ni yule yule, anakula kile kile na dawa ni zile zile. Uliza hiyo tofauti imekatwa wapi, kwenye chakula? kwenye manesi? kwenye dawa? Na uliza hela ya mwezi wa kwanza inaingia kabla ya wagonjwa au baada, maana mwenye nyumba ambaye hajalipwa atapika uji mwepesi kwa watu wengi, hana namna.

Halafu nyumba wanayopelekwa. Hapa ndo pa kukaa sana. Uchunguzi wa mchunguzi mkuu wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, uliotoka Februari 2017, ulikuta mashirika yote 27 yaliyopokea wagonjwa leseni zao hazikuwa halali kisheria. Yote, sio mawili matatu. Na karatasi walikuwa nazo, zina muhuri, ukizitazama kwa haraka unaona mambo safi. Kwahiyo leseni usiangalie tu kama ipo, angalia imetolewa tarehe gani, kwa watu wangapi, kwa wagonjwa wa aina gani, watoto au watu wazima, na aliyeisaini ana mamlaka hayo kweli? Na aliyeitoa aliwahi kufika pale nyumbani au kaisaini mezani?

Ukishamaliza karatasi nenda mwenyewe, na usiende siku ya ufunguzi wenye turubai na soda, nenda jioni ya siku ya kawaida. Hesabu vitanda na hesabu watu. Fungua maji bombani uone kama yanatoka. Ingia jikoni uangalie sufuria na stoo, uulize kesho wanakula nini. Uliza nani anakesha usiku na kasomea nini, mtu akianguka kifafa saa nane usiku anafanyaje na gari liko wapi na hospitali ni kilomita ngapi. Angalia blanketi, usidharau blanketi, Gauteng walihamisha watu wengi mwezi wa tano na wa sita na kule hiyo ndo baridi inaingia. Kama mwenye kituo anakuzuia kuingia vyumbani basi umeshapata jibu lako.

Kitu kingine ni kwamba mgonjwa aondoke na vitu vyake vyote vinavyomtambulisha. Wa Gauteng wengine walihamishwa bila faili lao, bila kitambulisho, wengine ndugu zao hawajaambiwa wamepelekwa wapi, na ripoti ya Makgoba inaeleza wamiliki wa yale mashirika walivyokuwa wanachagua wagonjwa kama mnadani. Mdogo wangu aliwahi kuhamishwa jengo moja kwenda lingine, tena ndani ya mji huo huo, kituo sitakitaja, na faili likabaki kule alikotoka. Siku tano hakupewa dawa ya kifafa kwa sababu nesi mpya hakujua kama anayo, na yeye mdogo wangu haongei sana, ukimuuliza anatabasamu tu. Siku ya sita akaanguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Tangu hapo mi karatasi yake ya dawa ninayo kwenye simu, nyingine imekunjwa kwenye waleti ya mama, nyingine nimeibandika ndani ya kabati lake, jina la dawa, kipimo, saa, kitu kinachomdhuru, chakula asichoweza kutafuna. Fanyeni hivyo leo hata kama hakuna tetesi ya kufungwa. Na daini dawa za kuanzia mwezi mzima ziende nae kwenye gari.

Orodha iwe ya majina. Ukiambiwa "wagonjwa wote watapangiwa" hiyo haina maana, inatakiwa kila mtu awe na mstari wake, anatoka wapi, anaenda wapi, nani kampima na kusema pale panamfaa, ndugu yupi amekubali na kasaini. Yupo asiye na ndugu? Huyo ndo wa kuwa nae makini zaidi, atajwe mtu wa kumsimamia kwa jina na namba ya simu, sababu akipotea hakuna atakaepiga simu kuuliza.

Sasa usimamizi. Watu wanadhani ukishakuwa na kamati basi, lakini kamati isiyoweza kusimamisha zoezi inaangalia tu. Afrika Kusini sheria ya afya ya akili ya 2002 iliweka bodi za mapitio kwa ajili ya kulinda wagonjwa hawa, na ya Gauteng ilikuwepo wakati wote ule, haikuzuia kitu. Ndugu walipiga kelele, madaktari wa akili waliandika barua kuonya, wanasheria wa shirika la haki la Section27 na SADAG, chama cha kutetea wagonjwa wa akili, wakaenda mahakamani Desemba 2015 na pande mbili zikakubaliana, halafu Machi 2016 ikabidi warudi tena kuzuia wagonjwa 54 wasihamishwe, safari hii wakashindwa. Hilo linaniuma sana kwa sababu wale ndugu walifanya karibu kila kitu. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa nje ya wizara mwenye nguvu ya kusema leo gari haliondoki, na akatiiwa. Kwahiyo kwenye hayo makubaliano muulizie neno hilo, nani anasimamisha, kwa kigezo gani, na kama ni yule yule anaefunga basi mkatae mapema.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 ambayo unaweza kuitumia kuomba mpango na mkataba kwa barua, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko. Andikeni mapema, muwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Na hesabu isiishe siku basi la mwisho linaondoka. Septemba 2016 Mahlangu aliambia bunge la jimbo waliokufa ni 36. Februari 2017, kwenye ripoti ya Makgoba, ikawa zaidi ya 94. Jaji mstaafu Dikgang Moseneke, aliyesimamia usuluhishi kati ya serikali na familia, alipotoa uamuzi Machi 2018, na kuamuru familia zilipwe randi milioni 1.2 kila moja, ilikuwa 144. Mahakama ya kuchunguza vifo ikasema Julai 2024 kwamba Mahlangu na Dkt. Makgabo Manamela, aliyekuwa anaongoza afya ya akili jimboni, wanahusika na vifo 9. Miaka minane. Kwahiyo wiki ya kwanza ndugu waende kila siku wakipokezana, wapime uzito, waandike, kifo chochote kitangazwe ndani ya saa 24 kwa ndugu wote na sio wa marehemu peke yake, maana kifo cha pili kwenye nyumba moja ni sababu ya kuondoa watu wote pale siku hiyo hiyo.

Na kabla hajapanda gari mpige picha, uso na mwili mzima, makovu pia, na alama ya dole gumba kwenye karatasi. Kwenye uamuzi wa Moseneke kulikuwa na watu wengine 44, na serikali ilikuwa haijui wako wapi.