Kuvua mikokoni Chwaka kwa pesa ndogo: anza na mwezi, tiketi baadaye

Mimi ni mtu wa Musoma. Nimekulia ziwani, na ziwa halina makuu: uliache jioni, asubuhi utalikuta palepale. Kwa hiyo nilipopata likizo kutoka Uingereza na kuamua siku moja iwe ya kuvua Ghuba ya Chwaka, Unguja, nilipanga kila kitu isipokuwa maji. Nilikuwa na fimbo ya kuvulia ya kukunja, ndoana za kila saizi, mpwa wangu wa miaka kumi na tano aliyezaliwa hukohuko ughaibuni, na siku moja tu iliyobaki wazi kwenye ratiba ya kusalimia ndugu.

Tulifika diko, yaani pale vyombo vya wavuvi vinapopakia na kushusha, saa mbili asubuhi. Nahodha akatutazama, akaitazama bahari, akasema, "Maji yanatoka, bwana. Saa nne yamekwisha." Mpwa wangu akaelewa saa nne ya Kizungu, yaani saa kumi yetu, akafurahi kwamba tuna siku nzima. Mimi niliyeelewa vizuri nikajifanya sikusikia, maana nilishalipa. Saa tatu haijafika, ngalawa imekaa juu ya tope, mrengu mmoja, ule ubao wa ubavuni, juu, mwingine chini. Nahodha akatandika tanga, akajilaza kivulini. "Yakhe, hapa hatuondoki mpaka maji yaje." Yalikuja baada ya saa mbili na ushehe. Jua lilikuwa lile la Januari.

Basi mwongozo huu hauanzi na nauli.

Maji

Chwaka iko pwani ya mashariki ya Unguja, kilomita thelathini na kitu kutoka Zanzibar mjini. Ghuba ni pana lakini haina kina. Kusini mwake ndiko kwenye msitu mkubwa wa mikoko unaoelekea Jozani, na upande huo ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004. Maji yakipwa sana, eneo kubwa linabaki mchanga, tope na majani ya bahari, na watu wanapita kwa miguu pale palipopita mashua jana jioni.

Kupwa sana ndiko kunakoitwa bamvua: zile siku chache za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita nne. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hapo tofauti hushuka mpaka kama mita moja, bahari inajikokota tu.

Sasa lishike hili, maana ndilo litakalokuokolea pesa. Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa kunaangukia saa nne au saa tano, kupwa saa kumi au saa kumi na moja. Kila siku inayopita, maji huchelewa takriban dakika 50. Ukiwa na kalenda yoyote yenye mwezi, unaweza kukaa jikoni kwako Toronto au Muscat ukaichagua siku yako kabla hujagusa tiketi ya ndege. Kisha hakikisha kwa jedwali la maji la Zanzibar, lipo kwenye simu bure. Programu hizo huandika 10:00 na 16:00, nahodha atakwambia saa nne na saa kumi. Andika zote mbili kwenye karatasi moja, hasa kama una watoto waliokulia nje.

Siku ipi ni nzuri? Mimi nasema bamvua, au siku moja mbili baada yake, maji yakiwa yanajaa. Samaki huingia mikokoni pamoja na maji, wakitafuta chakula kwenye mizizi, na wewe unawafuata. Maji mafu hayapandi vya kutosha, mizizi mingi inabaki nje. Safari ya pili nilimpigia nahodha nikataja tarehe iliyonifaa mimi, akacheka: "Hayo maji mafu. Utavua matope." Lakini ukiwa na watoto wadogo, na haja yako ni matembezi zaidi ya kitoweo, maji mafu ni salama zaidi, maana chombo hakikimbiwi na maji ghafla.

Siku ya bamvua inajipanga hivi. Ondoka mjini asubuhi bila pupa, ufike Chwaka kama saa nne bahari ikiwa nje kabisa. Usione hasara. Hapo ndipo utaiona mikondo yote imelala wazi, wapi pana kina na wapi ni tope tupu, na hakuna ramani itakayokuonyesha vizuri kuliko hivyo. Nunua chambo, kunywa chai, uliza maswali. Chombo kinaondoka saa sita hivi, mnavua maji yakipanda, na saa kumi mnageuka kurudi yangali mengi. Ukitaka kuvua maji yakitoka, samaki wakiteremka kwenye mdomo wa mkondo, unaweza, na wenyeji hufanya hivyo. Ila wao wanajua dakika ya kuondoka. Wewe hujui.

Upepo nao ulizia. Likizo za shule za Ulaya, Julai na Agosti, zinaangukia kwenye kusi: hakuna joto kali lakini upepo wa mashariki ya kisiwa si wa mchezo. Ndani ya ghuba, rasi ya Michamvi inakukinga kiasi. Desemba mpaka Februari ni kaskazi, jua kali. Aprili ni masika, achana nayo.

Mtu kwanza, chombo baadaye

Ile safari ya kwanza nililipa kwa dola, mtandaoni, kwa mtu ambaye nadhani hajawahi kuikanyaga Chwaka. Nahodha alipata chini ya nusu. Nilijua tulipokuwa tumekwama, tuna muda wa kuongea.

Nenda dikoni mwenyewe, siku moja kabla ukiweza, umtafute bwana diko. Yeye ndiye anayevijua vyombo na ndiye anayeandika samaki wanaoshushwa. Kupitia kwake utamfikia sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, na kamati ya wavuvi ya shehia yake. Usione ni urasimu. Chwaka ina historia ndefu ya ugomvi kati ya wavuvi wa madema, ile mitego ya kusuka, na wa nyavu za kukokota, na mgeni mwenye begi la ndoana anatazamwa mara mbili. Zanzibar ina Sheria yake ya Uvuvi ya 2010, tofauti na ya Bara, na sehemu ya mikoko imo ndani ya hifadhi, kwa hiyo swali la kwanza ni hili: sisi wageni tunaruhusiwa kutupa mshipi wapi, na kuna ada gani? La pili: chombo kina maboya ya kuvaa? La tatu, ambalo wengi hulisahau: samaki ni wa nani?

Hilo la tatu likubaliane mapema. Kawaida niliyoikuta ni kwamba nahodha na kijana wake lazima wapate kitoweo cha nyumbani. Ukivua sita ukabeba sita, umeaibika, hata kama hakuna atakayekwambia.

Nahodha anauza maji, hauzi saa: mnakwenda na maji, mnarudi na maji, hiyo ni safari moja. Mara ya pili nilikubaliana naye mwenyewe shilingi 50,000 kwa ngalawa ya tanga, yeye na kijana mmoja, chambo ndani, sisi abiria wawili. Boti ya injini ilikuwa ghali zaidi kwa sababu ya mafuta, na mikondoni injini yenyewe mara nyingi inainuliwa, mnakwenda kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia. Usibishane sana kwenye bei. Mtu huyo siku hiyo anaacha madema yake majini.

Salamu kabla ya bei, jamani. Mzee aliyekaa chini ya mti pale dikoni anaweza kuwa baba wa nahodha wako. "Asalaam aleikum" au "shikamoo", kisha habari za nyumbani, kisha za bahari. Ijumaa wengi hawatoki kabla ya sala. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Kaptura ya ufukweni ibaki ufukweni, kijijini vaa suruali au funga kanga.

Begi lako

Fimbo ya kuvulia iache nyumbani. Kwenye ngalawa inagongana na tanga, inanasa kwenye marengu, na kwenye mkondo wenye matawi pande zote huna pa kuizungusha. Mshipi wa mkono unatosha: nailoni imezungushiwa kibao au chupa, ndoana mbili, chubwi ya kuuzamisha. Vitu hivyo vyote vinapatikana sokoni Darajani, mjini, kwa bei ya soda kadhaa. Ukitaka kutoa zawadi ya maana, mletee nahodha ndoana nzuri za chuma kisichoshika kutu, uziweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Chambo ni ngisi, kamba au dagaa, ununue hapohapo.

Mikokoni utapata changu wadogo, chewa, pengine kolekole mchanga. Mkizi utamwona akiruka mbele ya chombo, utamtamani, hatakula ndoana yako, kwa sababu chakula chake ni ukoga na takataka za topeni. Methali ya hasira za mkizi kuwa tijara ya mvuvi ilitungwa na mwenye wavu. Tasi naye ni mla majani, ndiyo maana Chwaka wanamtega kwa madema. Ukiliona dema usilivute hata kwa kutazama tu. Ni mfuko wa mtu.

Viatu ni raba kuukuu za kufunga kwa kamba. Kandambili tope la mikoko linazinywa. Mizizi ya mikoko imejaa chaza wakali kama wembe, na chini ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, kuna vijiti vya kupumulia vilivyosimama wima kama misumari. Maji ya kunywa lita tatu kwa kila mtu, kofia, shati la mikono mirefu. Jioni usubi hutoka, utaelewa kwa nini nimesema mikono mirefu. Malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijakwisha, na sisi tuliokaa nje miaka mingi kinga tuliyokua nayo imeshatutoka. Mifuko ya plastiki ni marufuku, kwa hiyo samaki wako wabebe kwenye kikapu cha ukili au ndoo yenye kifuniko.

Jambo moja zaidi, nalo si la mzaha. Safari ile ya kwanza, samaki pekee tuliyempata alikuwa mweusi mwenye michirizi myeupe na sharubu. Mpwa wangu akanyoosha mkono amtoe kwenye ndoana. Nahodha aliyekuwa amelala akaamka kama aliyemwagiwa maji: "Usimshike! Ngogo huyo!" Akamkanyagia ubao, akaukata mshipi kwa kisu, samaki akarudi majini na ndoana yetu. Ngogo ana miiba mitatu yenye sumu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, na maumivu yake mtu mzima hulia. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, naye hujifukia mchangani, kwa hiyo ukitembea majini buruta miguu, usinyanyue. Akikuchoma yeyote kati ya hao, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kustahimili, si yanayochemka, kwa nusu saa mpaka saa moja na nusu, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Ndiyo maana sasa ninabeba chupa ya chai isiyo na chai.

Makaratasi, kwa ufupi

Mwenye pasipoti ya Kenya au Uganda haihitaji viza. Ukiwa umechukua uraia wa Ulaya, viza ya kawaida ni dola 50, na kwa pasipoti ya Marekani ni dola 100. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni wa nje akate bima ya safari ya dola 44, hata kama ana bima nyingine. Kwenye boti ya kutoka Dar nauli ya mgeni na ya mwananchi ni mbili tofauti, kwa hiyo kitambulisho cha Tanzania, kama unacho, kiwe mfukoni, si ndani ya sanduku lililoshapakiwa. Pesa taslimu toa mjini.

Na Pemba je?

Pemba ina mikoko mizuri kuliko Unguja, nakiri. Mkondo wa Chake Chake unaingia mpaka karibu na mji wenyewe, na Wete ni vilevile. Lakini kwa bajeti ndogo inahitaji walau siku tatu, na huko ulizia zaidi: kisiwa cha Misali kiko chini ya uhifadhi, na vijiji kama Kisiwa Panza hufunga maeneo ya pweza kwa miezi kisha huyafungua kwa siku maalumu. Nauli ya boti usiitafutie ya chini kabisa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi. Ukiona chombo kimezidi watu, shuka, kalale mjini.

Kurudi mjini

Daladala za Chwaka jioni hupungua. Ukishuka chomboni saa kumi na nusu, usianze kupiga picha za samaki. Mtume mtu akakushikie nafasi, au mwambie dereva wa asubuhi kwamba utarudi naye, ukamwachie namba. Ukiikosa, teksi ya kurudi mjini inaweza kula pesa yote uliyookoa. Ndoo yenye barafu iweke miguuni mwako, kifuniko kimefungwa kwa kamba, maana barabarani kuna matuta na jirani yako amevaa kanzu nyeupe.