Usianze na ikisiri: namna muuguzi anavyoweza kusoma makala ya utafiti

Mwaka 2013 nilikaribia kumchelewesha dripu mtoto aliyekuwa anakauka kwa kuhara, tena kwa kujidai kwamba nimesoma.

Nilikuwa na mwaka mmoja na ushei kazini, wodi ya watoto, mkoani Tanga. Usiku mmoja kwenye zamu mwenzangu akanionyesha kwenye simu ikisiri ya utafiti, ule muhtasari wa mwanzo wa makala. Kilichonivuta ni kwamba ulifanyika kwetu, Muheza, pamoja na Kilifi ya Kenya na hospitali nne za Uganda. Nikaokota jambo moja tu: watoto waliopewa maji ya haraka kwenye mshipa walikufa wengi kuliko ambao hawakupewa. Nikafunga simu. Wiki iliyofuata akaletwa mtoto macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama, mama anasema ameharisha tangu jana yake jioni. Daktari akaandika maji ya haraka. Mimi, chupa mkononi, nikamwambia, "Dokta, dripu hii inaua, utafiti umesema."

Akaniuliza, "Sista, utafiti wa watoto gani?"

Sikuwa na jibu. Akaichukua chupa akaitundika mwenyewe. Mtoto alipona, na mimi nilikwepa macho ya yule daktari mwezi mzima.

Siku hizi Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi tunakaa wauguzi wanne watano tukisoma makala moja, na ninawafundisha kwa makala ileile iliyoniaibisha. Jina lake la mkato ni FEAST, ilichapwa mwaka 2011 katika The New England Journal of Medicine, na mwandishi wake wa kwanza ni Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi.

Kuipata si kazi. Ingia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, haina malipo, andika kwa Kiingereza ugonjwa, tiba na jina la nchi au bara. Ikisiri utaiona papo hapo. Makala nzima mara nyingi ipo bure pia. Isipokuwepo, uliza kama hospitali au chuo chako kimesajiliwa Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili sisi wa nchi zisizo na fedha tusome majarida yanayouzwa. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe, barua pepe yake huwa kwenye makala. Mimi nimeandika mara kadhaa na wengi wamenijibu. Usitoe fedha yako mfukoni kununua makala.

Kisha ichapishe kwenye karatasi. Najua simu ipo, lakini kwenye simu mtu husoma kwa kidole gumba, anateleza tu. Chukua penseli. Kunja ukurasa wa kwanza ili ikisiri isionekane. Ruka utangulizi pia, humo waandishi wanaeleza kwa nini kazi yao ni muhimu, na kila mtu husema hivyo. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya Mbinu.

Hapo piga mstari katikati ya daftari. Kushoto andika "waliomo", kulia "waliotolewa". Kwenye FEAST, waliomo ni watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye ugonjwa mkali wa homa, fahamu zimepungua au wanapumua kwa shida, na juu ya hayo wana dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini: ukibonyeza ukucha, weupe unakaa sekunde tatu au zaidi kabla rangi haijarudi, au miguu ina ubaridi unaopanda, au mapigo ya mkononi ni hafifu, au moyo unakwenda mbio kupita kiasi. Dalili mojawapo ilitosha kumwingiza mtoto. Hilo liwekee alama, tutalirudia.

Upande wa kulia: wenye utapiamlo mkali, walioungua moto, walioumia ajalini au kutoka upasuaji, na wenye kuhara na kutapika.

Kuhara. Limo katika sentensi moja ya Mbinu, na lingeniokoa. Mtoto wangu wa macho yaliyozama hakuwa na mwenzake hata mmoja ndani ya utafiti ule. Aliyepoteza maji kwa kuhara anayahitaji yarudi. Ukijaza safu hizi mbili tu ukaishia hapo, umemzidi anayekariri ikisiri nzima.

Baada ya safu hizo nenda kwenye Jedwali la 1. Wengi huliruka kwa sababu limejaa tarakimu, kumbe ndilo linalokuonyesha sura za wagonjwa. Nusu ya watoto wa FEAST walikuwa chini ya miaka miwili, nusu juu. Asilimia 57 walikuwa na malaria. Karibu theluthi moja walikuwa na damu (hemoglobini) chini ya gramu 5 kwa desilita. Mara ya kwanza kulisoma vizuri nilimwona kila mtoto anayeletwa kwetu msimu wa mvua, kabebwa mgongoni, viganja vyeupe kama karatasi. Kwa hiyo jibu la swali la yule daktari lina pande mbili: watoto hawa ni wetu kabisa, ila siyo wote walio wetu.

Sasa uliza walifanywa nini. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wa albumini (maji yenye protini ya damu), wa salaini (maji ya chumvi), na wasiopewa maji ya haraka. Kiasi kilianza mililita 20 kwa kila kilo ndani ya saa moja, baadaye utaratibu ukabadilishwa kikapanda hadi 40. Usiache kipimo kikiwa cha kitabuni. Kigeuze kiwe chupa. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 200, haifiki hata nusu ya chupa ya mililita 500 tunayoitundika kila siku. Hapo wanakikundi hunyamaza, maana ni kiasi ambacho kila mmoja wetu amewahi kukitoa bila kufikiri mara mbili.

Na kundi la tatu msilidhulumu. Hawakuachwa walale. Walipewa antibayotiki, dawa za malaria, damu kwa waliohitaji, na maji ya taratibu ya kawaida. Kilichokosekana ni ile kasi ya saa ya kwanza. Anayesema "utafiti uligundua dripu ni mbaya" hakusoma kundi la tatu lilipewa nini.

(Jambo la pembeni: wageni wengi wa kikundi huuliza mama aliridhia vipi, mtoto akiwa anakata roho mikononi mwake. Jibu limo humohumo: pale pasipo na muda, mzazi aliridhia kwa mdomo kwanza, kisha hali ikitulia akaelezwa kwa urefu na kuombwa ridhaa ya maandishi. Utaratibu huo ulipitishwa na kamati za maadili. Wapo wasioupenda. Mimi nimesimama pale mlangoni usiku, sijui ningefanya tofauti.)

Tukifika kwenye Matokeo tunatoa maharage. Sahani tatu, kila moja punje mia. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopata albumini, 10.5 ya salaini, na 7.3 ya wasiopewa maji ya haraka. Sahani ya kwanza na ya pili unatoa kumi na nusu. Nusu ya harage tuliikata kwa wembe wa upasuaji, ikaruka ikaangukia chini ya kabati la dawa, tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Sahani ya tatu unatoa saba na kipande. Zipange punje zilizotolewa mistari mitatu mezani uziangalie.

Fanya hivyo kwa sababu makala itakupa tofauti hiyo kwa vinywa viwili. Kinywa kimoja kinasema hatari ya kufa ilikuwa mara 1.45, yaani iliongezeka kwa asilimia 45. Kingine kinasema watoto watatu na ushei zaidi katika kila mia. Vyote vinasema kweli. Cha kwanza kinatisha, cha pili kinaonekana kidogo, na mtu anayekuuzia kitu atachagua kinachomfaa. Mimi huandika vyote viwili, kisha nagawa mia kwa 3.3: takriban kila watoto 30 waliopewa maji ya haraka, mmoja zaidi alifariki.

Mbele ya ile 1.45 utakuta namba mbili, 1.13 na 1.86. Hesabu za takwimu zina kurasa zake, lakini kitandani inatosha kujua hivi: namba hizo ni mipaka, ukweli unaolingana na data zao unaweza kuwa popote katikati yake. Kwenye vipimo vya namna hii 1 maana yake hakuna tofauti. Tafuta 1. Ikiwa ndani ya mipaka, shusha sauti. Hapa haimo, iko nje kabisa upande wa chini, na ile thamani ya p waliyoiandika, 0.003, kipimo cha jinsi ilivyo vigumu tofauti kama hiyo kutokea kwa bahati tu, inasema jambo lilelile kwa namna nyingine.

Angalia pia kama utafiti ulifika mwisho. Walikusudia watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru inayochungulia data ilishauri usajili usimame kwa sababu waliopewa maji walikuwa wanafariki zaidi. Tafiti zinazokatizwa mapema kwa furaha, eti dawa imefaulu mno, mara nyingi hukuza faida kuliko ilivyo, kwa hiyo zisome kwa jicho la tatu. Huu ulikatizwa kwa madhara, na watoto waliokwisha kuingia walikuwa wengi sana.

Nani alilipa? Sentensi hiyo iko mwishoni kwa herufi ndogo. Fedha zilitoka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na maji yenyewe yalitolewa bure na kampuni inayoyatengeneza, ambayo matokeo hayakuipendelea. Hilo huniongezea imani kidogo.

Mjadala usome mwisho, na usome kama unavyomsikiliza shahidi: yaliyoonekana weka kando moja, anayoyadhani weka kando nyingine. Sasa ndipo ukunjue ukurasa wa kwanza, uisome ikisiri, uone ingekudanganya wapi.

Kazi haijaisha, kwa sababu makala moja ni mazungumzo yaliyokatwa katikati. PubMed inaonyesha chini ya kila makala zile zilizoitaja baadaye, zifungue. Wodini wote tulikuwa tumekubaliana, bila ushahidi wowote, kwamba watoto wale walizama mapafu kwa maji mengi. Mwaka 2013 Maitland na wenzake walichambua upya jinsi kila mtoto alivyofariki, wakakuta vifo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kuanguka, si mapafu wala ubongo kujaa maji. Tulikuwa tumejieleza hadithi nzuri. Kisha mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake: mtoto mwenye baadhi tu ya dalili za damu kutofika vizuri asipewe maji ya haraka, asubiri zitimie zote, yaani ubaridi wa mikono na miguu, sekunde za ukucha kuzidi tatu, na mapigo hafifu ya kasi. Ndiyo maana nilisema weka alama pale kwenye "dalili mojawapo".

Kiingereza kisikutishe. Mimi ni lugha yangu ya tatu, baada ya Kisambaa na Kiswahili. Maneno magumu yanayojirudia kwenye makala hizi hayazidi arobaini. Andika kila moja nyuma ya daftari pamoja na mfano wa mgonjwa uliyemwona, si tafsiri ya kamusi. Makala ya tano utaisoma kwa nusu ya muda wa ile ya kwanza.

Jumamosi hii tuna utafiti wa mwaka 2019 wa watoto wa Uganda na Malawi, kuhusu kiasi cha damu ya kumwongezea mtoto aliyeishiwa. Nimeshatoa nakala tano, ukurasa wa kwanza wa kila nakala nimeukunja na kuubana kwa pini. Maharage ataleta anayefika wa mwisho.