Kusakinisha WordPress kwenye seva ya Ubuntu

WordPress ni programu ya kuendeshea tovuti. Hapa seva tayari ina Apache (programu inayotoa kurasa), PHP (lugha ya WordPress) na MariaDB (hifadhidata), na jina la kikoa limeshaelekezwa kwenye anwani yake ya IP.

1. Hifadhidata. Ingia kwa `sudo mariadb`, kisha:

```
CREATE DATABASE tovuti CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'mhariri'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri-refu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON tovuti.* TO 'mhariri'@'localhost';
```

Usiipe tovuti akaunti ya root, yaani ile yenye mamlaka yote. Programu-jalizi (nyongeza ya WordPress) moja ikivamiwa, hifadhidata zote za seva zimekwenda.

2. Faili.

```
cd /var/www
sudo wget https://wordpress.org/latest.tar.gz
sudo tar xzf latest.tar.gz
sudo chown -R www-data:www-data wordpress
```

Kwenye faili ya usanidi ya Apache, weka ServerName (jina la kikoa) na DocumentRoot `/var/www/wordpress`, kisha uipakie upya Apache. Ruhusa za folda ziwe 755, za faili 644: mmiliki huandika, wengine husoma tu. Ushauri wa `chmod 777` umezagaa mtandaoni. Achana nao, maana unamruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika humo. Baadaye WordPress ikidai maelezo ya FTP (njia ya kuhamisha faili) unapoongeza programu-jalizi, usihangaike kusakinisha FTP: karibu kila mara kasoro ni umiliki wa faili, na ile `chown` ya juu ndiyo dawa.

3. wp-config.php. Nakili `wp-config-sample.php` kwa jina hilo, ujaze DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. DB_HOST ibaki `localhost`. Mistari 8 ya funguo za siri ibadilishe kwa ile inayotolewa na `https://api.wordpress.org/secret-key/1.1/salt/`. Hakikisha mmiliki wa faili hii ni www-data (mtumiaji anayeendesha Apache), kisha ifunge kwa `chmod 640`.

Kivinjari kikikuletea "Error establishing a database connection", jaribu `mariadb -u mhariri -p tovuti`. Ukiingia, umekosea kuandika kitu ndani ya wp-config. Ukikataliwa, rudi hatua ya 1.

4. HTTPS kabla ya kisakinishi, yaani fomu ya kusakinisha ya WordPress kwenye kivinjari. Wengi hugeuza mpangilio huu. Cheti cha HTTPS utakipata kwa certbot, amri zake ziko hapa chini. WordPress huhifadhi anwani ya tovuti siku ya kusakinishwa, katika `siteurl` na `home`. Ukianza na http, itabidi uzirekebishe zote mbili, pamoja na picha zilizokwisha kuwekwa kwa anwani ya zamani.

```
sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache
```

Sasa fungua tovuti kwa https na ujaze fomu. Jina la mtumiaji lisiwe `admin`, kwani roboti za kubahatisha nenosiri huanzia hapo.

5. Viungo vya kudumu. Kwenye mipangilio chagua muundo unaotumia jina la makala. Ukurasa wa mwanzo ukifunguka lakini makala zikatoa 404, Apache haisomi `.htaccess`, faili ambamo WordPress huandika kanuni za viungo hivyo. Weka `AllowOverride All` ndani ya `<Directory /var/www/wordpress>`, kisha:

```
sudo a2enmod rewrite
sudo systemctl restart apache2
```

6. Ukubwa wa picha. PHP kwa kawaida hupokea faili ya hadi 2M tu. Katika php.ini ya Apache, wala si ile ya folda ya `cli`, pandisha `upload_max_filesize` hadi 32M na `post_max_size` hadi 40M. Ya pili lazima iizidi ya kwanza, kwa sababu hubeba faili pamoja na data nyingine za fomu. Anzisha Apache upya.