Bega likiteguka: pima neva ya kwapa kabla ya kulirudisha

Mara nyingi bega huteguka kwenda mbele, na kichwa cha mfupa wa mkono kikavuta neva ya kwapa (aksila). Neva hiyo inazunguka shingo ya mfupa huo sentimita 5 hadi 7 chini ya ncha ya bega, na ndiyo inayoendesha deltoidi, msuli mnene unaolifunika bega.

Pima kabla ya kurudisha bega, pima tena baada yake, na uandike matokeo yote mawili pamoja na saa. Usipoandika, mkono ukionekana dhaifu kesho yake hakuna atakayejua kama ni ajali au ni wewe uliyeuvuta.

Pitisha pamba kwenye ngozi ya nje ya bega, ulinganishe na bega la pili lisiloumia. Usiishie hapo, maana ngozi inaweza kuhisi vizuri huku msuli umepooza. Kiwiko kikiwa kimegusa ubavu, shika deltoidi kwa vidole, mwambie mgonjwa asukume kiwiko nje taratibu huku ukikizuia. Unachotafuta ni msuli kukaza, hata kidogo. Kisha, ili kupima neva nyingine za mkono, akunje kifundo cha mkono kwenda juu, atanue vidole, aunganishe ncha za kidole gumba na cha shahada. Shika mapigo ya kifundo. Yakikosekana au mkono ukiwa wa baridi, hiyo ni dharura ya mshipa wa damu, apelekwe hospitali kubwa mara moja.

Mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, vidole, kifundo na kiwiko vianze mazoezi siku hiyo hiyo. Asikande kwa maji ya moto mahali palipokufa ganzi, ataungua bila kujua.

Wengi walioumia neva hii hupona wenyewe kwa wiki au miezi. Kipimo cha umeme wa neva na misuli kifanyike wiki ya 3 au ya 4 baada ya kuumia. Mapema zaidi kinaweza kudanganya. Wala usiridhike kwa kuwa mgonjwa ameinua mkono: misuli mingine ya bega huweza kuunyanyua bila deltoidi. Kwa aliyepita miaka 40, deltoidi ikikaza lakini mkono hauinuki, shuku kano za bega zilizokatika, umpige picha ya mawimbi ya sauti.

Miezi 3 ikipita deltoidi haijaanza kukaza, mpe rufaa kwa daktari wa upasuaji wa neva. Baada ya miezi 6 msuli unazidi kunyauka na upasuaji huleta faida ndogo.