Nenda kwa mshauri kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula), si baada ya matokeo
Mwanachuo, kama wiki ya pili sasa hulali, chakula hakipiti na darasani unapeleka mwili tu, usingoje UE ikukute hivyo. Nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Wengi hufika pale wakiwa na sapu (mitihani ya marudio) kibao au wameshadisko (wameondolewa chuo kwa kufeli), na hapo mshauri hubaki kukupa pole. Ukiwahi, anaweza kukuandikia rufaa ya kumwona daktari, na ripoti ya daktari ndiyo inayobeba ombi la kuahirisha mtihani au mwaka. Kuukacha mtihani kimyakimya ni kujimaliza. Ukiahirisha, pita na dawati la mikopo uulize boom (hela ya mkopo ya kujikimu) itakuwaje.

Unaogopa kuonekana? Nenda saa za vipindi (hosteli zina macho, najua). Huna maneno? Andika kwenye simu unavyolala, unavyokula, na tangu lini, kisha umpe asome.

Ila mawazo yakifika kwenye kujidhuru, usisubiri miadi. Mwamshe mwenzako wa chumba mwende hospitali usiku huohuo. Kwa walio Kenya, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure.