Kabla hujachomwa sindano ya steroidi kwenye kivimbe cha kope

Kwanza hakikisha ulichonacho ni kalazioni kweli, maana wengi wanaichanganya na chokea. Chokea inauma, inakuwa nyekundu, inatunga usaha, pale kuna bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, inashusha kinga ya sehemu hiyo kwa hiyo unaweza kuzidisha tatizo. Kalazioni ni kile kigololi kigumu ndani ya kope, ngozi ya juu inateleza ila chenyewe kimeganda palepale na mara nyingi hakiumi. Kimetokana na tezi ya mafuta iliyoziba, mafuta yakavujia pembeni mwili ukayavimbia, ndo maana dawa ya kutuliza uvimbe inakisaidia.

Halafu jiulize, umekanda vya kutosha? Siku mbili hazihesabiki jamani. Kitambaa safi, maji ya moto unayoyavumilia, dakika 10 hivi mara 3 au 4 kwa siku, ukimaliza unachua taratibu kuelekea kwenye nywele za kope, na unaendelea wiki kadhaa. Vingi vinaisha hapohapo. Usikitumbue.

Sasa hili la rangi naomba mlisome vizuri wenye ngozi nyeusi, kwa sababu naona halisemwi sana. Dawa inayotumika mara nyingi ni triamsinoloni, ni maji meupe yenye chembechembe, na ikikaa kwenye ngozi inaweza kufifisha rangi ukabaki na baka jeupe juu ya jicho kwa miezi, wengine halirudi kabisa, au ngozi ikabonyea. Muulize dokta atachoma kupitia wapi. Akiigeuza kope na kuchomea upande wa ndani hatari ya baka inapungua, ingawa haiishi. Dawa yenyewe ni kidogo sana, 0.1 hadi 0.2 ml, tone tu, ila tone hilo liko usoni.

Mwambie kama una presha ya macho au ipo kwenye familia, steroidi inaweza kuipandisha. Kisukari, ujauzito, malengelenge ya jichoni yaliyowahi kukupata, aleji, taja vyote. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako, sema tu unazitumia.

Na kama kivimbe kinarudi palepale kila mara, au nywele za kope zinanyonyoka hapo, hasa umri ukiwa umeenda, omba kipande kikatwe kipimwe kabla ya sindano yoyote, kuna saratani ya tezi za mafuta inafanana nacho sana.

Siku yenyewe nenda bila maskara wala lensi, na awepo mtu wa kukurudisha maana jicho linaweza kufunikwa. Kinasinyaa taratibu ndani ya wiki moja mbili hivi, wengine wanahitaji sindano ya pili, kikigoma kabisa kinapasuliwa. Ila ukianza kuona giza au maumivu makali baada ya kuchomwa, rudi saa hiyohiyo, usingoje kupambazuke.